Kulinganisha Boti za Uvuvi wa Bahari Kuu na Moteri Zake kwa Mnunuzi wa Ziwa Kivu

Mtu wa Goma, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, anayetaka boti ya kuvulia, ya kutembeza wageni au ya kwenda Kisiwa cha Idjwi na kurudi siku hiyohiyo, mara nyingi huanza kwa kutazama picha za boti zilizoundwa kwa ajili ya bahari kuu. Boti hizo huja kutoka Dubai, Mombasa au Marekani, na karatasi zake husifu mwendo wake, wingi wa farasi wa moteri (kipimo cha nguvu zake) na uwezo wake wa kumfuata nduaro au jodari mbali na pwani. Sifa hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa kule zilikopimiwa. Tatizo ni kwamba zimepimwa kwenye maji ya chumvi, yaliyo sawa na usawa wa bahari, ilhali maji yetu ni matamu na uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya bahari. Farasi wanaouzwa pwani hawapandi wote mlima hadi Goma. Anayelinganisha boti mbili bila kulikumbuka jambo hili atalinganisha karatasi, na siku ya kuishusha boti majini ataanza kumlaumu fundi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzisoma karatasi hizo na kuzigeuza kuwa hesabu ya ziwa letu. Nitatumia neno moteri kwa injini inayofungwa nje, nyuma ya boti, kama tunavyosema hapa, esansi kwa petroli, na mazutu kwa dizeli.

Anza na maji kabla ya boti

Boti ya uvuvi wa michezo ya bahari kuu imeundwa kutatua mambo matatu: wimbi refu linalotoka mbali, chumvi inayokula kila chuma, na safari ya saa nyingi kuelekea mahali ambapo nchi kavu haionekani. Kati ya hayo matatu, Kivu haina hata moja kwa ukamilifu wake. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 90 na upana usiozidi kilomita 50, na Kisiwa cha Idjwi kimekaa katikati kama ukuta, hivyo upepo haupati nafasi ya kulea wimbi refu. Kinachotokea ni wimbi fupi, lenye mgongo mkali, linalofuatana kwa haraka, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma kutoka upande wa Bukavu kuja kwetu. Wimbi hilo halitishi macho kama la bahari, lakini ndilo linalomchosha abiria mgongo na kulegeza misumari ya boti ya mbao.

Samaki nao wana neno lao katika uamuzi huu. Uvuvi mkubwa wa Kivu ni wa sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye huvuliwa usiku kwa taa na wavu unaoning'inizwa kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Hafuati ndoano. Anayetaka mshipi wa michezo hapa atapata ngege na kambale karibu na ukingo, na kwa hao kiti cha kupambana na samaki mkubwa, mnara wa kutazamia na mikono mirefu ya kutandazia mishipi ni mzigo wa bure unaokamata upepo. Ukiona vitu hivyo vimeongezwa kwenye bei, omba viondolewe au utafute boti nyingine. Mwenye nia ya kuipeleka boti yake Uvira au Kalemie, ambako sangala wa Tanganyika wanampa mvuvi kazi ya kweli, anaweza kubakisha vishikio vya mishipi. Mnara bado hauhitaji.

Jambo la mwisho kuhusu maji ni barabara. Mto Ruzizi unatoka Kivu kupitia maporomoko na mabwawa ya umeme, kwa hiyo hakuna boti inayoingia ziwani kwa kuelea kutoka kwingine. Ama inaundwa hapa ama inakuja juu ya lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Boti yenye upana unaozidi takriban mita 2.5 huwa mzigo usio wa kawaida barabarani, wenye vibali vyake na gharama zake. Boti nzuri mno yenye upana wa mita 3 inaweza kukugharimu njiani kiasi ambacho kingekununulia moteri ya pili. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kuuliza ni upana, kabla ya urefu.

Tumbo la boti

Boti za bahari kuu za leo nyingi ni wajukuu wa boti moja. Mwaka 1960 Richard Bertram alishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau kwa boti iliyochorwa na Ray Hunt, ambayo tumbo lake lilikuwa na umbo la V kali kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kwa pembe ya takriban digrii 24. Bahari ilikuwa imechafuka, na boti ile ilipasua mawimbi pale ambapo zenye tumbo bapa ziliyapiga. Tangu hapo V kali imekuwa alama ya heshima, na wauzaji huitaja digrii 24 kama ushahidi wa ubora.

Lakini kila digrii ina bei yake. V kali huzama zaidi, huyumba zaidi boti ikisimama, na huhitaji nguvu nyingi zaidi ili boti inyanyuke na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Nguvu ndiyo hasa tuliyopungukiwa huku juu. Kwa Kivu naona pembe ya digrii 18 hadi 20 kwenye tezi, pamoja na omo iliyochongoka vya kutosha kupasua lile wimbi fupi, ndiyo inayofaa kazi nyingi: inanyanyuka kwa farasi wachache zaidi, na mtu akisimama upande mmoja kuvuta wavu au kupiga picha ya volkano ya Nyiragongo, boti hailali ubavu. Mwenye kusafiri Goma–Bukavu kila juma, na hasa alasiri, anaweza kwenda hadi digrii 22 akijua kwamba atalipia tofauti hiyo kwa esansi.

Umbo la juu lina aina nyingi, lakini kwa mnunuzi wetu zinabaki mbili. Boti ya usukani wa katikati, iliyo wazi pande zote, ni nyepesi, ni rahisi kusafisha, na mtu anaweza kuizunguka yote kwa miguu. Boti ya chumba cha mbele inampa abiria kivuli na pa kujificha mvua, na mvua ya Kivu haibishi hodi, lakini inaongeza uzito na kuukamata upepo wakati wa kutia nanga. Zile kubwa zenye jukwaa la usukani juu, za mita 12 na kuendelea, zenye injini za mazutu ndani, waachie watu wa bahari.

Kuhusu kilichoundia boti, kumbuka ufuko wetu. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na sehemu kubwa ya ukingo wa Goma ni mawe meusi yenye makali. Nyuzi za kioo (faibaglasi) zikikwaruzwa na mawe hayo mara kwa mara hupoteza ngozi yake ya juu, maji yakapenya ndani na boti ikaanza kuwa nzito bila mwenyewe kujua. Alumini nene hubonyea badala ya kupasuka, na mtu mwenye mashine ya kuchomea alumini anaweza kuizibia, ingawa mchomaji wa alumini si sawa na mchomaji wa milango ya chuma, na tofauti hiyo inafaa kuulizwa mapema. Ukichagua nyuzi za kioo, weka ukanda wa kulinda mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na usikubali boti iburutwe juu ya mawe hata siku moja ya dharura.

Swali moja ambalo wauzaji hawalipendi ni hili: boti ikijaa maji hadi juu, itaelea? Mwaka 1961 mwanzilishi wa Boston Whaler alikaa ndani ya boti yake huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, na bado ikaelea, kwa sababu nafasi kati ya ngozi mbili za boti ilijazwa povu gumu. Si boti zote za bahari kuu zilizo na povu la kutosha. Uliza, na ukijibiwa kwa maneno ya jumla, gonga sakafu kwa ngumi uisikilize.

Kibao cha uwezo na namna ya kukisoma

Boti inayouzwa Ulaya hubeba kibao chenye herufi A, B, C au D. Herufi A ni ya bahari kuu; B ni ya mawimbi ya hadi mita 4 na upepo wa nguvu ya 8 kwa kipimo cha Beaufort; C ni ya mawimbi ya hadi mita 2 na upepo wa nguvu ya 6; na D ni ya maji yaliyotulia. Boti moja inaweza kuwa na herufi mbili zenye idadi tofauti ya watu, kwa mfano sita chini ya B na tisa chini ya C, na muuzaji atakutajia ile kubwa. Kwa safari za mchana za kawaida katika Kivu, C inatosha; kwa njia ndefu ya Bukavu ningetaka B. Angalia pia kwamba hesabu ya watu hufanywa kwa kilo 75 kwa kila mtu, wala haikumkadiria mama anayetoka Minova na magunia mawili ya maharagwe. Huko Marekani sheria inadai kibao cha uwezo kwa boti zenye urefu usiofika futi 20 tu, hivyo boti kubwa ya Kimarekani inaweza kukufikia bila idadi yoyote iliyoandikwa.

Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia 2.5, na boti ileile yenye mzigo uleule hukaa chini kidogo zaidi hapa kuliko Mombasa. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inaongezwa juu ya mzigo ambao tayari tumezoea kuuzidisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni, na makumi ya watu wakafa. Kwa hiyo, unapolinganisha boti mbili, zilinganishe zikiwa na mzigo utakaobeba kweli, na kama mzigo huo unazidi kibao, boti hiyo imeshatoka katika orodha yako.

Moteri: hesabu ya mlima

Injini huchoma esansi pamoja na hewa, na hewa ya Goma ni nyepesi kuliko ya pwani. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila mita 300 za kupanda, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake. Kwa mita 1,460 hasara ni karibu asilimia 15. Moteri ya farasi 150 inakuja kuwa na farasi kama 128. Ya 40 inabaki na 34. Kwa Ziwa Tanganyika, lililo takriban mita 770, hasara ni nusu ya hiyo, na ndiyo sababu ushauri wa jamaa wa Uvira kuhusu moteri hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo. Katika kila ulinganisho wako, zidisha farasi wa kwenye karatasi kwa 0.85 kabla ya kuandika chochote kingine.

Hasara hiyo haiponywi na fundi, lakini madhara yake yanatofautiana kwa aina ya moteri. Moteri zenye kunyunyizia esansi kwa kompyuta hupima mgandamizo wa hewa na kupunguza esansi zenyewe. Zinakosa nguvu, lakini zinawaka safi. Moteri za kabureta hazijui kwamba zimepanda mlima. Zinaendelea kumwaga esansi ya pwani kwenye hewa ya Goma, moshi unakuwa mweusi, plagi zinaota masizi na matumizi yanapanda. Dawa yake ni kubadilisha jigleri, yaani kile kitundu kinachopitisha esansi ndani ya kabureta, kwa ndogo zaidi kama kitabu cha moteri kinavyoelekeza kwa maeneo ya juu. Ni kazi ndogo ya fundi, na nimeona moteri nyingi zikizeeka mapema kwa kuikosa. Tahadhari moja ya lazima: moteri ikihamishiwa tena maji ya chini, jigleri za zamani zirudishwe, la sivyo itakosa esansi, itapata joto na kuunguza pistoni.

Swali linalofuata ni la mipigo miwili au minne, yaani mara ambazo pistoni husogea kwa kila mlipuko wa esansi. Moteri ya mipigo miwili kama Yamaha Enduro 40 imetawala maziwa yetu kwa sababu za haki: ni nyepesi, ina vyuma vichache, kila fundi wa ufukweni anaifahamu hata akiwa amefumba macho, na vipuri vyake vinapatikana. Ubaya wake ni esansi na moshi, pamoja na oili inayochanganywa na esansi, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Kijana akisahau oili siku moja, moteri imekufa. Ya mipigo minne, kwa mfano ya farasi 150 kutoka Yamaha, Suzuki, Honda au Mercury, inakunywa kidogo, ina kelele ndogo na wageni wanaipenda, lakini inadai oili safi, kichujio na ukaguzi baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila mwaka. Inadai pia mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta yake. Kabla ya kuchagua nembo, tembea Goma na Bukavu na uulize ni nani anacho kifaa hicho, kwa nembo ipi. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko tofauti yoyote utakayoisoma katika karatasi za Suzuki na Mercury.

Moteri kubwa mno zinazosifiwa sasa baharini, kama ile ya Mercury ya farasi 600 yenye silinda 12 iliyotoka mwaka 2021 na yenye uzito wa zaidi ya kilo 570, zitaje katika mazungumzo tu. Nembo iliyoacha kutengenezwa nayo iepuke hata ikiwa bei inavutia. Evinrude zilisimamishwa mwaka 2020, na nyingi zilizotumika bado zinauzwa kwa bei nafuu kwa sababu hiyo.

Je, moteri moja kubwa au mbili ndogo? Baharini mbili ni karibu sheria. Moteri mbili za farasi 100 ni nzito kuliko moja ya 200, zinaburuta maji zaidi, zinakunywa zaidi na zinadai plagi, oili na pampu mara mbili. Kinachonunuliwa ni uhakika wa kurudi. Lakini uhakika huo ni wa uongo ikiwa zote mbili zinanyonya tangi moja, kwa sababu kinachozimisha moteri ziwani mara nyingi ni maji ndani ya esansi, na maji hayo yatazifikia zote mbili kwa dakika zilezile. Kwa boti ya abiria wa kulipa, chukua mbili zenye matangi na vichujio tofauti. Kwa boti ya familia au ya wageni wachache, napendelea moja kubwa pamoja na ndogo ya akiba ya farasi 15, yenye kidumu chake pembeni. Itakurudisha polepole, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, lakini katika Kivu ukingo hauko mbali sana.

Injini ya mazutu iliyofungwa ndani ina hoja nzuri kwa boti ya mizigo: ikiwa na turbo haipotezi nguvu nyingi kwa mwinuko, mazutu hayalipuki kwa urahisi kama mvuke wa esansi, na matumizi ni kama nusu kwa kila farasi. Uzito wake na bei yake vinaiondoa kwenye boti ndogo ya mwendo. Injini ya esansi iliyofungwa ndani ya tumbo la boti siishauri kwa yeyote. Mvuke wa esansi ni mzito, unashuka chini kabisa ya boti na kusubiri cheche.

Pangaboi, ambalo wengi hulisahau

Hapa ndipo boti nyingi zilizopanda kutoka pwani zinapoponyeka, na kwa pesa kidogo kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila pangaboi, yaani panga la moteri linalozunguka majini na kusukuma boti, lina namba mbili, kipenyo na hatua, kwa inchi. Hatua ni umbali ambao pangaboi lingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Hatua ndefu ni kama gia ya juu ya pikipiki: mwendo mkubwa ukiwa na nguvu, lakini kilimani inaua injini. Boti iliyofungwa pangaboi la pwani inafika Goma ikiwa na gia ya juu na mlima mbele yake. Mizunguko ya moteri haifiki inakotakiwa, boti hainyanyuki, na moteri inafanya kazi ya punda mchana kutwa.

Upimaji wake ni huu. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, pakia boti mzigo wake wa kawaida, watu na tangi, kisha fungua moteri mpaka mwisho na usome mizunguko kwa dakika. Kitabu cha moteri kinataja upeo unaotakiwa. Kwa nyingi za mipigo minne za farasi 150 ni 5,000 hadi 6,000. Tuseme unasoma 4,900 ukiwa na pangaboi la hatua ya inchi 17, na unataka kuwa katikati, yaani 5,500. Umepungukiwa mizunguko 600. Kupunguza hatua kwa inchi 1 huongeza mizunguko 150 hadi 200, hivyo unahitaji kushuka inchi 3 au 4. Jaribu la 14 kwanza. Ukipita upeo wa juu, umeshuka mno, na moteri itajiumiza kwa kukimbia. Farasi waliopotea hawarudi kwa njia hii. Unachofanya ni kuwapangia waliobaki kazi wanayoiweza.

Kuhusu chuma, wavuvi wa bahari husifu pangaboi la chuma kisichoshika kutu. Kwenye mawe ya lava mimi nachagua alumini bila kusita. Likigonga jiwe linavunjika lenyewe na kuokoa gia za mguu wa moteri, na la pili linakuwa ndani ya boti pamoja na spana na pini yake. Nyavu za sambaza nazo zinanaswa. Usiku, punguza mwendo na utazame taa za wavuvi, ukijua kwamba mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ni mipana kuliko mwanga wake.

Angalia pia urefu wa mguu wa moteri dhidi ya kimo cha tezi: inchi 15, 20 au 25 ndiyo vipimo vya kawaida. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu hunyonya hewa. Mrefu kwenye tezi fupi huburuta maji. Bamba lililo juu ya pangaboi liwe sambamba na mkuku au juu yake kidogo.

Hesabu ya esansi

Moteri ya esansi ya mipigo minne ikifunguliwa mpaka mwisho hutumia karibu lita 0.38 kwa kila farasi kwa saa, yaani lita zipatazo 55 kwa saa kwa moteri ya 150. Hakuna mwenye akili anayesafiri hivyo. Kwa mwendo wa safari, mizunguko kama 4,000, moteri hiyo hutumia takriban lita 30 kwa saa. Boti yenye mbili, ikienda kilomita 45 kwa saa, itachukua zaidi kidogo ya saa mbili kutoka Goma hadi Bukavu, umbali wa kilomita kama 100, na kunywa lita kama 130. Kanuni ya mabaharia ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi isiyoguswa. Kwa hiyo boti hiyo inahitaji lita 390 au uhakika wa kununua esansi safi upande wa pili.

Esansi safi ni neno zito hapa. Wengi wetu hununua kwa bidoni, yaani dumu, kwa wakina Kadafi, wauzaji wa esansi wa barabarani, na bidoni ina historia yake. Mimina kupitia kitambaa na funeli, funga kichujio cha kutenganisha maji kati ya tangi na moteri, na ukikague kila juma. Kwa moteri ya kompyuta kichujio hicho ni cha lazima kuliko usukani wa ngozi.

Boti iliyotumika baharini

Boti nyingi zinazopanda huku zimeshafanya kazi pwani. Chumvi hujificha ndani ya njia za maji ya kupozea, hivyo washa moteri na uangalie kama mkondo wa maji unatoka kwa nguvu bila kukatika, na kama joto linatulia baada ya dakika kumi na tano. Pima mgandamizo wa kila silinda. Ukifanya hivyo Goma, namba zote zitakuwa chini ya zile za kitabu kwa sababu ya hewa yetu. Usiogope, linganisha silinda na mwenzake, na tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, acha. Vipande vya zinki vinavyojitoa mhanga kwa kutu ya baharini vibadilishwe kwa vya alumini, kwani maji ya Kivu, ingawa ni matamu, yana chumvichumvi nyingi kuliko mito. Pampu ya mpira ya kupozea badilisha bila kujadili, maana mchanga wa volkano huisaga upesi.

Mahali pa kuilaza boti pia huingia katika ulinganisho, kwa kuwa boti nzito haivutiki juu na itabaki majini. Epuka mabonde ya ukingoni yanayojulikana kwa mazuku, yaani gesi ya kuua inayotoka ardhini, hasa upande wa magharibi ya mji kuelekea Sake. Gesi ile nzito hutuama chini usiku upepo ukikosekana, na mlinzi aliyelala ndani ya tumbo la boti hawezi kuiona wala kuinusa.

Siku ya majaribio

Usilipe kwa majaribio ya dakika tano bandarini mkiwa wawili. Panga alasiri moja ya upepo, beba watu au mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wako, na utoke mpaka mahali ambapo wimbi halizuiwi na ukingo. Pima kwa saa muda ambao boti inachukua kunyanyuka kutoka kusimama. Ikizidi sekunde kumi na mzigo wa kawaida, pangaboi au moteri haitoshi. Geuza omo dhidi ya upepo, kisha weka upepo ubavuni, kisha mgongoni, na kila mara usikilize sakafu. Zima moteri, uiache boti iyumbe kwa dakika chache huku watu wawili wakihamia upande mmoja. Iwashe tena ikiwa na joto, kwa kuwa moteri mbovu nyingi huwaka vizuri zikiwa baridi tu. Mwisho jaza tangi lilelile kwa kipimo, uandike lita zilizotumika na kilomita zilizosafiriwa, na ufanye vivyo hivyo kwa boti ya pili siku yenye upepo unaofanana. Namba hizo mbili, lita kwa kilomita ukiwa na mzigo wako katika ziwa lako, ziandike juu ya karatasi ya muuzaji, kisha anza kuzungumza bei.